Mbwa Yule Alitoka Wapi?



Baadhi yenu mtashangaa. Mimi mmenizoea kwa mambo ya muhogo na mpunga wa bondeni, na leo nimekuja na habari ya mbwa. Lakini mbwa wengi wa Pemba hawakai mjini. Wako kwenu makondeni. Wanafukuza tumbili wasimalize mahindi, wanafuatana na vijana kuwinda, wanalala karibu na banda la mbuzi. Kwa hivyo kichaa cha mbwa si maradhi ya kuachiwa watu wa hospitali peke yao. Mara nyingi huanza kuonekana kondeni, na wa kwanza kuyaona ni mkulima.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Ilikuwa mwaka 2017, nimetoka chuo cha kilimo si siku nyingi, nawazungukia wakulima upande wetu huu wa Wawi. Mzee mmoja akanisimamisha njiani. Akaniambia, "Bwana shamba, mwanangu, hebu njoo unitazamie mbuzi wangu. Analia mpaka sauti imemkauka, na majani hataki." Nikaenda. Nikamkuta mbuzi kafungwa kwenye mnazi, mate yanamchuruzika, anasukumasukuma shina kwa kichwa. Mimi kazi yangu mimea, lakini nikajitia kujua. Nikasema huyu kakwamwa na kitu. Nikampanua mdomo, nikatia mkono wangu mtupu mpaka kooni kutafuta. Sikupata kitu. Nikamwambia mzee ampe maji, na baadaye amtafutie dawa ya minyoo. Nikapanda baiskeli yangu nikaenda zangu.

Siku ya pili yake mbuzi akafa. Mzee akayataja barazani kama watu wanavyotaja mambo ya nyumbani, na kwa bahati palikuwapo bwana mifugo anakunywa kahawa. Akamuuliza swali moja tu: "Hakupita mbwa pale kwako?"

Mzee akafikiri, akakumbuka. Kiasi cha mwezi mmoja nyuma, alfajiri, alipita mbwa mgeni, akamrukia mbuzi yule mguuni, wakamtupia mawe akakimbia. Hakumwambia mtu. Mbuzi kutafunwa na mbwa, hilo nalo ni la kumpelekea sheha?

Basi tukaanza kuuliza nyumba kwa nyumba tukifuata njia aliyokimbilia. Nyumba ya tatu tukaambiwa ndiyo, alipita, wakafunga mlango. Nyumba ya sita tukamkuta mama mmoja kanyamaza kidogo kabla ya kujibu. Mwanawe wa miaka minane aling'atwa kwenye muundi asubuhi ile ile, akienda chuoni kusoma Kurani. Mama alimwosha, akamtia mafuta ya taa, akamfunga kitambaa. Kidonda kikapona, mambo yakesha. Kwa yule mama yalikuwa yamekwisha.

Mtoto alipelekwa hospitali siku ile ile akaanzishiwa sindano. Na mimi, kwa ule mkono wangu wa kooni, nikakaa kwenye benchi lile lile pamoja naye. Yeye hakulia. Leo ni kijana mrefu kuliko mimi, na kila nikikutana naye nakumbuka kwamba kama bwana mifugo asingekwenda kunywa kahawa siku ile, mimi nilikwisha andika "minyoo" katika daftari langu.

Mbwa mwenyewe, tuliambiwa alipigwa akafa shehia ya pili, akafukiwa. Wapi, hakuna aliyejua. Kwa hivyo hatukupata cha kupima. Na alitoka wapi? Kila tuliyemuuliza alisema, "Si wetu."

Ndugu wakulima, yafaa mjue kwa nini niling'ang'ania kuwaeleza kisa hiki kirefu. Ni kwa sababu ya namna maradhi haya yanavyosafiri. Kipindupindu kinaweza kutokea kisimani na kuangusha watu wengi kwa siku moja. Kichaa cha mbwa hakiendi hivyo. Chenyewe huenda kwa meno, mnyama mmoja hadi mwengine, kama pete za mnyororo. Kila mbwa mwenye kichaa aling'atwa na mwengine kabla yake. Wataalamu wamehesabu kwamba mbwa mmoja mgonjwa, kwa wastani, humwambukiza mbwa mmoja na kidogo juu yake. Idadi hiyo ni ndogo. Maana yake mnyororo huu unaweza kukatika, ila lazima kwanza uonekane.

Virusi vya maradhi hukaa katika mate. Mbwa akikung'ata, mate huingia kidondani, na virusi hushika njia ya mishipa ya fahamu, polepole, kuelekea ubongoni. Ndiyo maana aliyeng'atwa mguuni aweza kukaa mwezi, miwili, hata mitatu asijisikie chochote, na mara chache hupita mwaka. Aliyeng'atwa usoni, kichwani au shingoni, njia yake ni fupi. Muda wote huo chanjo inayo nafasi ya kutangulia. Lakini virusi vikishafika ubongoni, mgonjwa akaanza kushindwa kumeza, akaogopa maji, akashtuka hata kwa upepo wa mlangoni, hapo hapana daktari wa Pemba wala wa Ulaya atakayemrudisha. Karibu wote hufa. Duniani wanakadiriwa kufa watu kiasi cha 59,000 kila mwaka, wengi wao Asia na hapa kwetu Afrika. Na katika kila watu 10 wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa, 4 ni watoto wa chini ya miaka 15.

Sasa nije kwenye jambo ambalo wengi wetu hatulijui, nalo lilitokea hapa hapa kisiwani.

Tokea mwaka 2010 wataalamu wa Taasisi ya Afya ya Ifakara, pamoja na wenzetu wa mifugo na wa afya wa Zanzibar, waliyafuatilia maradhi haya Pemba nzima, kuanzia Micheweni mpaka Mkoani. Kazi yao haikuanzia kwenye mashine. Ilianzia kwenye madaftari ya hospitali, mlimoandikwa watu waliokuja na majeraha ya mbwa. Kwa kila jina walikwenda nyumbani, wakakaa kitako, wakauliza: Mbwa alikuwa wa nani? Alikuwaje? Alikufa, aliuawa, au alipotea? Alitokea upande gani na akakimbilia upande gani? Nani mwengine kang'atwa, mtu au mnyama? Kisha wakaenda kwa huyo mwengine, wakauliza yale yale.

Walipopata mbwa aliyekufa walichukua sehemu ya ubongo wake ikapimwa. Virusi, kila vinapopita kutoka mnyama mmoja hadi mwengine, hubadilika kidogo kidogo, na mabadiliko hayo husomeka maabara. Ni kama sura za watoto: ukimtazama mtoto njiani unasema huyu wa nyumba fulani. Kwa njia hiyo waligundua kwamba mwaka 2010 Pemba ilikuwa na minyororo mitano ya maradhi, koo tano tuseme, zinatembea kisiwani kwa wakati mmoja.

Wakati huo huo mbwa wakaanza kuchanjwa kisiwa kizima, kila mwaka, chini ya mradi wa Shirika la Afya Duniani uliokuwa ukifanyika Pemba na kusini mashariki ya Tanzania Bara. Kadiri uchanjaji ulivyotengenea, mbwa wagonjwa wakapungua, watu waliong'atwa wakapungua, na vifo vikapungua. Ilipofika Mei 2014 minyororo yote mitano ilikuwa imekatika. Kisiwa kikawa safi.

Hapo ndipo tukalala. Chanjo ya kila mwaka ikasita. Mbwa, kama mnavyowajua, hufa upesi na huzaa upesi. Miaka miwili tu, na mbwa waliochanjwa wakawa wachache kati ya vijana wapya ambao hawajaona sindano. Mwishoni mwa mwaka 2016 maradhi yakaingia tena. Sura zake maabara hazikufanana na zile koo tano za zamani. Yalikuwa mageni, na yaliingia mara mbili, kila moja kivyake. Pemba hatuna fisi wala mbweha wa kulaumiwa. Kati yetu na Bara ni bahari ya kilomita 50 hivi, na mbwa haogelei kilomita 50. Maradhi yale yaliletwa kisiwani, na sitaki kumtaja mwenye chombo maana simjui. Pengine na yeye alijiletea mbwa mzuri wa kuwindia, hajui alichokipakia.

Uchanjaji ukarejeshwa kisiwa kizima, na Oktoba 2018 mlipuko huo nao ukazimwa. Habari yote hii ilichapishwa mwaka 2023 na inasomwa na wataalamu wa nchi nyingi. Mbuzi wa mzee yule alikufa katikati ya mlipuko huo wa pili.

Nimewahi kuulizwa, na si mara moja: "Kwa nini hamuwaui mbwa wote tukapumzika?" Swali hili nalielewa, hasa kwa aliyeng'atiwa mwanawe. Lakini sikilizeni yaliyotokea Flores, kisiwa cha Indonesia. Mwaka 1997 mbwa waliletwa kwa mashua kutoka kisiwa chengine, wakaja na kichaa. Serikali ikaua mbwa kwa malaki, karibu nusu ya mbwa wote kisiwani. Maradhi hayakuondoka. Watu waliwahamisha mbwa wao wakawaficha, na penye pengo waliletwa wengine ambao hawajachanjwa. Ukimuua mbwa aliyechanjwa umevunja ukuta wako mwenyewe. Kinachotakiwa ni kwamba katika kila mbwa 10, wapatao 7 wawe wamechanjwa kila mwaka. Ukifika hapo, mbwa mgonjwa akizunguka hukutana na waliokingwa, na maradhi hufa naye.

Mkisikia sheha anatangaza siku ya chanjo, mfungeni mbwa kamba tangu usiku. Msingoje asubuhi kumkimbiza. Mpelekeni mtu mzima anayemjua mbwa, msimtume mtoto. Na watoto wa mbwa wapelekwe pia, hata wale wadogo ambao macho yamefumbuka juzi. Wengi huwaacha nyumbani wakidhani bado, kisha mwaka mzima hawana kinga. Cheti mtakachopewa kitieni pamoja na karatasi zenu za muhimu.

Hapa pana jambo la aibu, na nataka nilitoe wazi. Wengi wetu tunao mbwa, lakini tukiulizwa mbele ya watu tunasema hatuna. Yule mbwa analala uani, anakula makombo ya nyumba, anamfuata baba kondeni, na akimng'ata mtu anakuwa si wa mtu. Tunaona haya kwa sababu ya najisi. Lakini mnajua wenyewe, na masheikh wetu wanasomesha, kwamba mbwa wa kulinda mazao, wa kulinda mifugo na wa kuwinda ana ruhusa yake. Basi aliye na mbwa wa kazi aseme, "Ni wangu." Mbwa akiwa na mwenyewe, atachanjwa, na akiugua kuna mtu wa kuulizwa. Sisi tulipomfuatilia mbwa yule tulikwama pale pale: "Si wetu."

Sasa, mtu akitafunwa, afanye nini. Hili litieni moyoni na muwafundishe watoto.

Kwanza kabisa, maji na sabuni. Fungua mfereji au mimina kwa kata, osha kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni muda wa dakika 15. Dakika 15 si mchezo, ni ndefu. Mtoto atalia, mshike, endelea. Sabuni yoyote, hata ya kufulia. Virusi hivi havistahimili sabuni, na vingi huweza kuondoka hapo hapo kabla havijapata njia. Usitie mafuta ya taa, wala pilipili, wala tumbaku, wala majani yaliyopondwa. Kuna walioniuliza juu ya kutoharisha kwa udongo. Hayo ya kutohara waulizeni wenye elimu ya dini. Mimi nasema la kidonda kibichi: kianze na maji na sabuni, kisitiwe udongo.

Kisha hospitali, siku ile ile. Hata kama kidonda ni mkwaruzo mdogo, hata kama mbwa unamjua. Sindano hazipigwi tumboni kama watu wanavyotishana. Hizo ni habari za zamani. Siku hizi hupigwa mkononi, ya kwanza siku unayofika, kisha siku ya 3, siku ya 7, na mhudumu atakwambia kama iko nyengine. Usikatishe katikati kwa kuwa kidonda kimekauka. Na kama ilipita wiki, au mwezi kama mtoto wa kisa changu, hujachelewa maadamu hajaanza kuugua, nenda tu. Najua nauli ni tabu. Najua pia pengine utafika uambiwe chanjo haipo, nenda kwengine. Nenda huko kwengine.

Ukifika, hakikisha jina lako limeandikwa, na useme shehia yako na habari za mbwa. Daftari lile ndilo mwanzo wa kamba yote. Wewe uking'atwa Wawi ukanyamaza, mwenzako wa shehia nyengine hatajua kwamba mbwa yule yule kapita na kwake.

Mbwa aliyeng'ata, kama ni wa kujulikana na anafungika bila hatari, afungwe atazamwe siku 10. Akiwa hai na mzima siku ya kumi, basi siku alipong'ata mate yake hayakuwa na maradhi. Lakini kumtazama mbwa hakumzuii mtu kuanza sindano; mambo mawili haya huenda pamoja. Kama amekufa au ameuawa, asifukiwe mbio. Mwambieni sheha, sheha awaite watu wa mifugo. Msimguse kwa mikono mitupu, na msimponde kichwa, kwa sababu kinachopimwa ni ubongo. Sisi wa Wawi tusingepaswa kuogopa vipimo. Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri iko hapa kwetu tangu mwaka 2000, na watoto wetu wamepimwa minyoo na kichocho mpaka wamezoea.

Na nyinyi wafugaji: ng'ombe au mbuzi akibadilika ghafla, akalia mfululizo kwa sauti ya kukwaruza, akatokwa na mate, akashindwa kumeza, akarukia wenziwe au akagongagonga kichwa, usitie mkono mdomoni. Mimi nilitia, nimewaeleza. Mfunge mbali na wengine, mwite bwana mifugo, na ulizana na watu wa nyumbani kama katika miezi mitatu iliyopita palipita mbwa. Na usikimbilie kisu kuokoa nyama. Mchinjaji ndiye anayeshika kichwa, mate na uti wa mgongo, na vidole vya mchinjaji havikosi mikwaruzo.

Wanaosafiri na vyombo, waendao Tanga na kurudi, wavuvi na wafanyabiashara: msipakie mbwa asiye na cheti cha chanjo. Akiletwa mwengine bandarini kwenu, hata kwenye ile midiko midogo isiyo na ofisa, muulizeni mwenyewe cheti chake.

Nina swali la mama mmoja wa jirani ambaye alinisubiri mlangoni nisije nikasahau. Anauza maziwa, na anauliza: ng'ombe wake aling'atwa na mbwa asiyejulikana jana usiku, bado mzima, akamue? Mama, osha kidonda cha ng'ombe kwa maji na sabuni, vaa mipira ya mikono au mifuko ya plastiki unapomwosha, na umwite bwana mifugo leo, maana wanyama nao huweza kuchanjwa baada ya kung'atwa kwa kadiri atakavyoona yeye. Maziwa ya ng'ombe aliye mzima yachemshe kama kawaida. Moto huua virusi hivi. Siku utakapomwona amebadilika, acha kumkamua kabisa, na usiuze hata kibaba. Na kama uliwahi kumgusa kidonda kwa mkono wenye jeraha, usimngoje ng'ombe. Wewe nenda hospitali.